Rekodi za ardhi na reti za kaunti nchini Kenya: zinapopatikana na namna ya kuzisoma

Kaunti haitunzi rejista ya umiliki wa ardhi. Ukweli huo mmoja, ukieleweka mapema, humwepushia mtu safari nyingi za bure, kwa sababu ofisi ya ardhi anayoikuta Kilifi, Thika au Nakuru, ingawa wengi huiita ofisi ya ardhi ya kaunti, ni tawi la Wizara ya Ardhi ya serikali ya kitaifa, na msajili anayekaa humo hawajibiki kwa gavana. Kaunti ina kumbukumbu zake nyingine kabisa: orodha ya viwanja inavyovitoza kodi ya ardhi, iitwayo reti, thamani ya kila kiwanja, jina la mlipaji na salio la deni. Orodha hizo mbili zilitayarishwa na watu tofauti kwa madhumuni tofauti, na si ajabu kiwanja kimoja kikawa na mwenyewe mmoja katika rejista ya msajili na mwingine, aliyekwisha kuuza miaka mingi iliyopita, katika vitabu vya hazina ya kaunti.

Kwa hiyo jina lililo kwenye ankara ya kaunti halithibitishi umiliki, na hatimiliki safi haithibitishi kwamba ardhi haina deni. Anayenunua, anayerithi, anayetaka mkopo wa benki au anayetaka tu kujua mali yake imesimamaje hana budi kuzipata kumbukumbu za pande zote mbili, kisha azilinganishe mstari kwa mstari. Maelezo haya yanahusu Kenya peke yake. Tanzania ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na taratibu zake za hati na pango ni nyingine, hivyo msomaji wa huko asiyachukue kama yalivyo.

Nambari ya kiwanja

Upekuzi huanza na nambari ya kiwanja, wala si jina la mtu. Nambari yenyewe hueleza mengi kwa anayejua kuisoma. Ile inayoanza na jina la kaunti au wilaya, ikafuatwa na jina la eneo la usajili na kumalizikia kwa tarakimu, mathalani Kwale/Diani/ na nambari fulani, ni ya mfumo wa Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya mwaka 1963, ambao ndio uliotumika sehemu kubwa ya mashambani. Inayotaja bloku, kama vile Mombasa/Block, ni ya mfumo huohuo katika maeneo ya mijini. Ikiwa hati ina herufi L.R. pamoja na nambari ya I.R., ilisajiliwa katika rejista kuu ya bara iliyoko Nairobi. Ikiwa ina C.R., ilisajiliwa katika rejista ya Pwani iliyoko Mombasa. Viwanja vya Mombasa huwa pia na herufi zinazoonyesha upande wa mji: MN kwa bara ya kaskazini, yaani Nyali, Kisauni na Bamburi, MS kwa bara ya kusini, yaani Likoni na kwendelea.

Utitiri huu una historia yake. Hadi mwaka 2012 Kenya ilikuwa na sheria tano za usajili wa ardhi zilizofanya kazi kwa wakati mmoja, mojawapo ikiwa sheria ya uhamishaji mali iliyoletwa kutoka India na nyingine, ya mwaka 1908, ikiwa imetungwa mahususi kwa madai ya ardhi ya ukanda wa Pwani uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 ilizifuta na kuleta mfumo mmoja, na tangu mwisho wa mwaka 2020 wizara imekuwa ikichapisha katika Gazeti Rasmi la Serikali orodha za viwanja vinavyobadilishwa kutoka nambari za zamani kwenda nambari mpya za bloku. Matokeo yake ni kwamba kiwanja kimoja kinaweza kuwa na nambari mbili, ya zamani na mpya, huku hazina ya kaunti ikiendelea kuijua ile ya zamani tu. Andika zote mbili kwenye jalada lako na uzitaje zote kila unapouliza jambo.

Upekuzi rasmi

Upekuzi rasmi, au sachi kama unavyoitwa kwenye korido za ofisi hizo, ni maombi ya kupewa cheti kinachoeleza rejista inasema nini kuhusu kiwanja fulani siku hiyo. Kuna njia mbili. Kwa maeneo ambayo rekodi zake zimekwisha kuingizwa mtandaoni, maombi hupitia jukwaa la Ardhisasa, lililozinduliwa tarehe 27 Aprili 2021 kwa kuanzia na Nairobi na ambalo kaunti nyingine zinaendelea kuongezwa. Kujiandikisha kunahitaji kitambulisho cha taifa, nambari ya simu na nambari ya mlipakodi ya KRA, yaani Mamlaka ya Mapato ya Kenya. Kwa maeneo mengine, mtu huenda kwenye sajili ya eneo lilipo shamba akiwa na fomu ya maombi iliyojazwa, nakala ya hatimiliki, nakala ya kitambulisho na ya cheti cha KRA, pamoja na risiti ya malipo yaliyofanywa kupitia eCitizen, jukwaa la serikali la huduma za mtandaoni. Angalia vizuri ni sajili gani inayohusika, kwani si kila kaunti ina sajili moja tu, na faili ya shamba lako inaweza kuwa katika mji ambao hukuutarajia.

Fanya upekuzi mwenyewe au mtume wakili wako. Cheti cha upekuzi kilicholetwa na muuzaji, na zaidi kilicholetwa na dalali, hakina thamani yoyote hata kikiwa na mhuri unaong'aa, kwa sababu karatasi hiyo ni rahisi kughushi kuliko hatimiliki yenyewe. Tena hata cheti halali huzungumzia siku kilipotolewa. Mwenye hila anaweza kuweka rehani siku ya pili yake, ndiyo maana mawakili makini hufanya upekuzi mmoja kabla ya kuandika mkataba na mwingine siku chache kabla ya fedha za mwisho kutoka.

Rejista, na cheti kinachotokana nayo, ina sehemu tatu. Sehemu ya kwanza hueleza mali yenyewe: nambari, ukubwa unaokadiriwa kwa hekta, nambari ya karatasi ya ramani, na aina ya miliki. Hapo ndipo utajua kama ardhi ni ya miliki huru, isiyo na kikomo cha muda, au ni ya lizi, yaani ya muda maalumu, kwa kawaida miaka 99. Ikiwa ni lizi, tafuta tarehe ilipoanza na uhesabu miaka iliyobaki. Lizi ya miaka 99 iliyoanza mwaka 1935 imebakiza miaka michache mno, na benki nyingi hazitaipokea kuwa dhamana, ingawa nyumba iliyojengwa juu yake inaweza kuwa nzuri kama ya harusi. Kumbuka pia kwamba Katiba ya mwaka 2010 haimruhusu asiye raia kumiliki ardhi kwa njia nyingine isipokuwa lizi isiyozidi miaka 99, kwa hiyo hati ya miliki huru yenye jina la mgeni ni jambo la kuulizia.

Sehemu ya pili hutaja mwenye mali, tarehe aliyosajiliwa na tarehe hatimiliki ilipotolewa. Wakiwa wawili au zaidi, soma kama wanamiliki kwa pamoja, ambapo mmoja akifariki fungu lake huwaendea waliobaki, au kwa mafungu, ambapo fungu la kila mmoja huingia katika mirathi yake. Tofauti hiyo ndogo ya maneno imezusha kesi nyingi za ndugu kwa ndugu.

Sehemu ya tatu ndiyo inayostahili kusomwa polepole kuliko zote. Humo huandikwa rehani za benki, lizi ndogo, haki za njia, mazuio ya msajili, amri za mahakama na keviati, ambayo ni tahadhari inayowekwa na mtu anayedai kuwa na haki juu ya ardhi hiyo. Keviati iliyowekwa na mke wa muuzaji, kwa mfano, inakwambia kwamba idhini yake haijapatikana, na kwa nyumba ya ndoa idhini hiyo ni lazima kisheria. Katika mashamba ya skimu za makazi, kama ile ya Ziwa Kenyatta huko Mpeketoni, mara kwa mara hukutwa deni la mfuko wa makazi ambalo babu alilipa miaka mingi iliyopita lakini hakuna aliyekwenda kusajili hati ya kuliondoa. Deni likiwa bado kwenye rejista, msajili huliona kuwa lipo.

Ukiomba nakala iliyothibitishwa ya kadi ya kijani, ambayo ni rejista yenyewe ya mashamba ya miliki huru (ya lizi huitwa kadi nyeupe), utapata kitu ambacho cheti cha upekuzi hakikupi: mlolongo wa wamiliki wote tangu usajili wa kwanza. Kaa chini uisome. Je, ardhi ilitoka kwa nani kwenda kwa nani, kwa bei gani, na kwa muda gani? Kiwanja kilichobadilisha mikono mara tatu katika miezi michache, hatimiliki mpya iliyotolewa kwa madai kwamba ya awali ilipotea, au mtu aliyeuza baada ya tarehe inayojulikana kuwa ya kifo chake, ni mambo yanayotosha kusimamisha ununuzi hadi maelezo yapatikane. Kwa hatimiliki iliyopotea, sheria inataka tangazo katika Gazeti Rasmi na siku 60 za kusubiri pingamizi. Omba tarehe ya tangazo hilo na ulitafute.

Kwa nini historia ya hati ni muhimu kuliko hati

Sheria ya mwaka 2012 inasema hatimiliki ni ushahidi wa umiliki, lakini inaruhusu ipingwe ikiwa ilipatikana kwa ulaghai alioushiriki mwenyewe, au ikiwa ilipatikana kinyume cha sheria, bila kufuata taratibu au kwa ufisadi. Namna mahakama zinavyolisoma sharti hilo ilidhihirika tarehe 21 Aprili 2023, Mahakama ya Juu ilipoamua kesi kati ya kampuni ya Dina Management na Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Kiwanja kilichogombaniwa kiko Nyali, karibu na ufuo. Kiligawiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1989 kwa rais wa wakati huo, Daniel arap Moi, kikapita mkono mwingine kabla ya kuifikia kampuni hiyo, na mwaka 2017 kaunti ikabomoa ukuta ili kufungua njia ya kwenda baharini. Kampuni ilikuwa na hatimiliki. Mahakama ilisema ardhi hiyo ilikuwa ya umma na haikupaswa kugawiwa tangu mwanzo, na kwamba mnunuzi wa mwisho hawezi kujikinga kwa hati ambayo mzizi wake umeoza. Mwezi Septemba mwaka huohuo, katika kesi ya kampuni ya Torino Enterprises, mahakama hiyo ilishikilia kwamba barua ya mgao peke yake haimpi mtu umiliki, kwani ni toleo tu linalosubiri masharti yatimizwe.

Kwa mnunuzi wa kawaida, maana yake ni kwamba upekuzi wa leo hautoshi ikiwa ardhi iko karibu na ufuo, barabara kuu, shule, soko, msitu au kituo cha polisi. Ripoti ya tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u, iliyokabidhiwa mwaka 2004, ilionyesha jinsi ardhi za namna hiyo zilivyogawiwa kiholela kwa miongo kadhaa, na bado ni rejeleo zuri kwa anayetaka kujua kama eneo fulani lilitajwa. Ofisi ya mipango ya kaunti pia ina ramani za mipango ya mji zinazoonyesha ni sehemu gani ilitengwa kuwa uwanja, barabara au njia ya maji. Hii ni rekodi ya kaunti ambayo watu huisahau, na kwa maoni yangu inafaa kuliko nusu ya karatasi ambazo wanunuzi hung'ang'ania kupewa.

Ramani na mawe

Rejista hutaja ukubwa. Ramani ndiyo huonyesha mahali. Kwa viwanja vya mfumo wa mwaka 1963, ramani ya rejista hununuliwa Idara ya Upimaji, iliyoko Ruaraka jijini Nairobi, au katika ofisi zake za mikoani. Ramani hii huonyesha mipaka ya jumla, ile ya ua na njia, wala haikusudiwi kutoa vipimo vya sentimita. Viwanja vyenye mchoro wa hati ulioambatishwa vina vipimo kamili na bikoni, yaani alama za mpaka, zenye nambari. Mlipe sovea, yaani mpima ardhi, aliyesajiliwa akuonyeshe bikoni zote ardhini, na usitosheke na kuonyeshwa kwa kidole ukiwa ndani ya gari, kwani kuna watu waliojenga nyumba nzuri sana kwenye kiwanja cha jirani.

Ikiwa shamba limekatwa vipande, fomu ya mgawanyo ieleze kila kipande kilitokana na nambari gani mama. Nambari mama hufungwa rejista vipande vinaposajiliwa. Kampuni za kuuza viwanja huwa na mazoea ya kupokea fedha wakati nambari mama bado iko wazi kwa jina lao, na mnunuzi hubaki na cheti cha hisa au risiti tu. Ukibishana na jirani kuhusu mpaka, sheria inataka suala lipelekwe kwanza kwa msajili wa ardhi kabla ya mahakama kulisikiliza, ikiwa mpaka huo haujapimwa ukawekwa rasmi.

Pango ni moja, reti ni nyingine

Hapa ndipo mkanganyiko mkubwa ulipo. Pango la ardhi hulipwa kwa serikali ya kitaifa, na hudaiwa ardhi ya lizi inayotoka serikalini, kwa kiasi kilichotajwa kwenye lizi au kilichofanyiwa marekebisho baadaye. Mwenye miliki huru halidaiwi. Reti, yaani kodi ya ardhi ya kaunti, hulipwa kwa kaunti, na humhusu mwenye lizi na mwenye miliki huru pia, ilimradi ardhi yake iko katika eneo linalotozwa. Mamlaka ya kaunti kutoza kodi hii yanatoka katika ibara ya 209 ya Katiba. Mtu wa lizi mjini Nairobi au Mombasa, basi, hudaiwa pande mbili, na risiti ya upande mmoja haimwokoi upande wa pili.

Kiasi cha reti hutokana na mambo mawili: thamani ya kiwanja katika orodha ya ukadiriaji, ambayo kwa desturi ni thamani ya ardhi tupu bila majengo, na kiwango cha asilimia ambacho kaunti huweka. Katika maeneo ya mashambani au madogo, kaunti huweza kutoza kiasi maalumu kulingana na ukubwa wa ardhi badala ya thamani. Asilimia peke yake haisemi kitu mpaka ujue orodha ni ya mwaka gani. Nairobi ni mfano mzuri. Kwa miaka mingi jiji lilitumia orodha ya mwaka 1980 na kiwango cha asilimia 34. Orodha mpya ilipokuja, kiwango kikawa asilimia 0.115. Tuseme kiwanja kiliandikwa shilingi 20,000 katika orodha ya zamani: asilimia 34 yake ni shilingi 6,800. Tuseme kiwanja hichohicho kimeandikwa shilingi 6,000,000 katika orodha mpya: asilimia 0.115 yake ni shilingi 6,900. Asilimia imeporomoka, ankara imebaki karibu palepale. Kwa mwenye kiwanja katika mtaa ambao thamani yake imepanda kupita mingine, ankara ilipanda sana, na huko ndiko kelele zilikotoka.

Mwezi Desemba 2024 sheria mpya ya kitaifa ya ukadiriaji ilichukua nafasi ya sheria mbili za zamani zilizokuwa zikisimamia jambo hili. Bado kila kaunti hutunga sheria yake ya fedha kila mwaka, na ndimo viwango vya mwaka husika, adhabu na misamaha huandikwa. Nakala yake hupatikana katika bunge la kaunti au katika tovuti ya kaunti. Orodha mpya ya thamani inapotangazwa, huwekwa wazi kukaguliwa na tangazo hutaja siku za kuwasilisha pingamizi. Ukiona kiwanja chako kimethaminiwa kuliko cha jirani kinacholingana nacho, peleka pingamizi kwa maandishi ndani ya siku hizo, pamoja na ripoti ya mthamini ikiwezekana. Anayengoja ankara ndipo alalamike huwa amechelewa.

Kuisoma ankara ya reti

Ankara ya kaunti hupatikana kwenye jukwaa la malipo la kaunti husika au katika ofisi ya mapato, kwa kutaja nambari ya kiwanja. Soma kwanza utambulisho: nambari, eneo, ukubwa, jina la mlipaji na anwani. Kisha soma hesabu: salio lililotoka mwaka jana, reti ya mwaka huu, adhabu, malipo yaliyopokelewa, na jumla. Makosa ya kawaida ni malipo yaliyoingia kwenye akaunti ya kiwanja kingine kwa sababu ya tarakimu moja iliyokosewa, na malipo ya enzi za mabaraza ya miji, kabla ya kaunti kuanza mwaka 2013, ambayo hayakuhamishwa kwenye mfumo mpya. Dawa ya makosa yote mawili ni risiti. Mwenye risiti za zamani, hata zile za karatasi zilizofifia, hupeleka nakala kwa mhasibu wa mapato na kuomba hesabu isawazishwe. Asiye nazo hulipa mara ya pili.

Reti ya mwaka mzima kwa kawaida hudaiwa mwanzoni mwa mwaka. Nairobi, tarehe ya mwisho ya kulipa bila adhabu huwa 31 Machi. Baada ya hapo adhabu huongezeka kila mwezi. Ikiwa kiwango ni asilimia 2 kwa mwezi, na hapa ninatoa mfano tu, deni la shilingi 6,900 huongezeka shilingi 138 kila mwezi, yaani shilingi 1,656 kwa mwaka, bila kuhesabu reti ya mwaka unaofuata. Kaunti nyingi hutangaza msamaha mara kwa mara ili kukusanya madeni. Soma tangazo kwa makini: kinachosamehewa kwa kawaida ni riba na adhabu, na ni kwa anayelipa deni la msingi lote kabla ya tarehe iliyotajwa.

Lililo zito zaidi ni hili: reti isiyolipwa huifuata ardhi. Sheria ya usajili inaihesabu miongoni mwa haki zinazoibana ardhi hata kama hazikuandikwa kwenye rejista. Kwa hiyo cheti cha upekuzi kinaweza kuonyesha sehemu ya tatu iliyo tupu kabisa huku kaunti ikidai malaki, na mnunuzi akilipokea shamba hulipokea na deni lake. Njia pekee ya kujua ni kuiuliza kaunti yenyewe.

Vyeti na malipo ya uhamishaji

Kwa kawaida, kabla ya uhamishaji kuandikishwa hutakiwa cheti cha kaunti cha kutodaiwa reti, na kwa ardhi ya lizi, cheti cha kutodaiwa pango pamoja na idhini inayotakiwa na lizi. Shamba la kilimo huhitaji pia kibali cha Bodi ya Kudhibiti Ardhi, ambacho lazima kiombwe ndani ya miezi 6 tangu makubaliano yafanyike. Makubaliano yasiyo na kibali hicho huwa batili. Mkataba ueleze waziwazi nani atalipa madeni ya reti hadi siku ya kukamilisha, kwani desturi ni kwamba muuzaji ndiye hulipa, lakini desturi haidaiwi mahakamani.

Mnunuzi hulipa ushuru wa stempu kwa KRA: asilimia 4 ya thamani kwa ardhi ya mjini na asilimia 2 kwa ya mashambani, baada ya mthamini wa serikali kukadiria. Kiwanja cha shilingi 3,000,000 kitatozwa shilingi 120,000 mjini, au 60,000 mashambani. Muuzaji hulipa kodi ya faida ya mtaji, ambayo tangu tarehe 1 Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida. Kodi hizi ni za serikali ya kitaifa na hazina uhusiano na reti.

Hali zisizo za kawaida

Hatimiliki nyingi bado zina majina ya marehemu. Mrithi anaweza kulipa reti kwa jina la babu yake miaka nenda rudi na risiti hizo zisimpe umiliki. Lazima mirathi ifunguliwe mahakamani, au katika Mahakama ya Kadhi kwa Waislamu, na hati ya usimamizi iliyothibitishwa ipelekwe kwa msajili. Anayeuziwa na mmoja wa ndugu kabla ya hatua hiyo anaingilia mali ya marehemu, jambo ambalo ni kosa kisheria.

Mombasa kuna mtindo wa nyumba bila ardhi, ambapo mwenye nyumba ya Kiswahili hulipa kodi ya kiwanja kwa mwenye ardhi, na nyumba huuzwa kwa mkataba tofauti. Anayenunua nyumba kama hiyo afanye upekuzi wa ardhi iliyo chini yake, aulize reti ya kiwanja inalipwa na nani, na apate maandishi ya mwenye ardhi yanayomtambua, kwa sababu rejista haitamtaja yeye hata mara moja. Vilevile, sehemu kubwa za Tana River, Lamu na Kilifi zina ardhi ya jamii au ambayo bado inapimwa na kuamuliwa wenyewe. Huko hakuna kadi ya kijani ya kupekua. Kilichopo ni rejista ya maamuzi katika ofisi ya uamuzi wa ardhi, na anayeuza hapo anauza matumaini.

Walioko Dubai, Doha au Ulaya wanaomwachia ndugu shughuli zao watumie hati ya uwakilishi iliyosajiliwa, inayotaja nambari ya kiwanja na mambo anayoruhusiwa kufanya, na wafungue akaunti zao wenyewe za Ardhisasa na za kaunti ili waone salio bila kumtegemea mtu.

Usajili ukishakamilika, peleka nakala ya hatimiliki mpya, kitambulisho na cheti cha KRA katika ofisi ya mapato ya kaunti, uombe jina, anwani na simu vibadilishwe kwenye akaunti ya reti, kisha omba ankara mpya yenye jina lako kabla hujaondoka dirishani. Msajili hatakufanyia kazi hiyo. Ukiiacha, ankara na notisi za deni zitaendelea kwenda kwenye sanduku la posta la aliyekuuzia.